Risasi Nyepesi ya Shemeji Yako

Atupele mdogo wangu, pokea salamu za Msangano, ambako jua linachoma na mpunga umeiva, lakini hakuna anayevuna. Sababu ni shemeji yako.

Unajua anavyojivunia kibali chake cha uwindaji. Nyati alikuwa anakanyaga mashamba, akaitwa yeye. Mzee Simbeye, aliyewinda tangu ujana, akampa risasi zake nzito, maana bunduki zao ni za aina moja. Shemeji yako akakataa. "Mzee, hizo zinakwenda polepole. Yangu nyepesi ina kasi. Swala wa mwaka jana alianguka palepale."

"Swala si nyati," mzee akamwambia. "Yako itapasukia begani. Nzito haina haraka, lakini inafika moyoni."

Ikapasukia begani. Nyati akaingia na jeraha lake kwenye matete ya kando ya mashamba, na leo ni siku ya pili tumekaa na mundu mapajani huku mpunga unapukutika. Nikiwa jikoni bado ananieleza habari za kasi, utadhani mimi ndiye nyati.

Desturi ya huku ni moja: aliyejeruhi ndiye anayefuata. Asubuhi hii amepokea zile nzito bila kumtazama mzee usoni, wakaingia matetini wote wawili. Nakuandikia huku nimetega sikio.

Nibusie wanangu, nawe ujikinge vizuri na baridi ya Mbebe. Shemeji yako nimemwandalia maneno mengi. Arudi tu ayasikie.

Dada yako