Ruhusa ya Mjomba

Mjukuu na mume wangu Rajabu,

Pokea salamu za Handeni. Mahindi yamebeba, na babu yako hajambo, ila bado anakuonea wivu.

Unaniuliza kama ukubali kufanya utafiti kwenye idara ya dharura, wakati wenzako wanatibu.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, enzi za Ujamaa, watoto walioumwa na nyoka waliletwa zahanati wamechelewa. Tulisema mama zao ni wazembe. Mwalimu wetu akanituma nikawaulize wenyewe.

“Mzembe nani?” mama mmoja alinijia juu. “Kwetu Wazigua mtoto ni wa mjomba. Nikimpeleka bila ruhusa akafa, nitamwambia nini kaka yangu?”

Basi kwenye mkutano wa kijiji tuliwaomba wajomba watoe ruhusa mapema.

“Nimruhusu nyoka?” mzee mmoja akauliza, watu wakacheka.

“Hapana, mzee. Ruhusu safari.”

Wakaruhusu. Masika yale mtoto mwingine wa mama yule aliumwa na nyoka, mjomba wake yuko Korogwe. Mama hakumngoja. Mjomba aliporudi, alimkuta mtoto kitandani anadai muwa.

Kubali, mume wangu. Wako watakaopona bila wewe kuwagusa.

Bibi yako