Kishale Kilichoanguka kwenye Baa ya Harms

Westerwarf, 3 Novemba 2023

Kwa Okko,

Salamu. Sisi huku hatujambo. Tamme hajambo, na kondoo wa kwenye tuta la bahari hawajambo. Hali yako sikuulizi kwa sababu naiona kwenye televisheni: shingo imenenepa na meno umeyang'arisha. Mungu akuzidishie.

Naandika barua kwa kuwa umenifungia simu. Ujumbe kumi na nne kwa siku moja ulikuwa mwingi, nakubali, lakini ungejibu wa kwanza nisingefika wa pili.

Basi soma hapa. Jumamosi ulikaa kwenye kiti cha mahojiano na lile koti lako la mvua la njano na kofia ya nahodha. Wewe, nahodha! Wewe unayepanda feri ya Norderney ukatapika kabla haijafunguliwa kamba. Mtangazaji akakuuliza ni mechi gani iliyokufanya mchezaji wa vishale wa kulipwa, ukasema fainali ya kombe la pwani, Machi 2012, kwenye baa ya Harms, ambayo mshindi wake alipelekwa kwenye mashindano ya kufuzu. Hapo ungenyamaza. Lakini hapana, ukaendelea: uliyemshinda ni Tamme Folkerts, ambaye leo ni shemeji yako, na baada ya mechi alijifungia chooni akalia mpaka mzee Harms akaenda kumgongea mlango. Na kilio ukakiigiza. Ukumbi mzima ukacheka.

Jumatatu Tamme alikuta karatasi ya choo kwenye usukani wa trekta. Jumanne alikuta mbili. Si unawajua wale wenzake wa idara ya matuta, wakipata utani hawauachi mpaka uoze. Jana kwenye duka la mikate msichana wa kaunta alimuuliza kama atahitaji na leso. Tamme anacheka nao. Akifika nyumbani hacheki. Tangu 2012 hajashika kishale, na sasa hata taarifa ya michezo ikianza anatoka kwenda kuangalia kuni.

Wewe na mimi tunajua ile mechi iliishaje. Nataka urudi kwenye kiti kile useme kwamba hukushinda, kwamba kishale kilianguka. Remba utakavyo, lakini jina la mume wangu lisafishwe kabla ya Krismasi.

Dada yako,
Gesche


Wigan, 19 Novemba 2023

Dada Gesche,

Salamu zako zimenifika, kama zile ni salamu. Mimi ni mzima, ila bega linaniuma na chakula cha hoteli hii ni maharage asubuhi, mchana na jioni. Natumaini wewe huna unachoumwa zaidi ya ulimi.

Hivi unajua niko wapi mimi? Simaanishi Wigan. Niko nafasi ya sitini na tano. Wanaobaki na kadi ya kucheza ligi ya kulipwa ni sitini na wanne, wengine wote wanarudi makwao. Mechi yangu ya kwanza ya ubingwa wa dunia ni tarehe 17 Desemba, London. Nikishinda, nabaki. Nikishindwa, narudi Leer kubadilisha matairi ya magari ya watu, na kila mteja atanipiga picha. Mwezi wenyewe ndio huu, na wewe unataka nisimame mbele ya Ujerumani nzima niseme mimi ni mwizi!

Ule ulikuwa utani. Wachezaji wote wana hadithi za baa walizotokea, watu wanazipenda. Kama Tamme hawezi kuvumilia karatasi ya choo, aombe kazi ya ofisini.

Halafu, kishale gani? Mimi nilikuwa nimeupa ubao mgongo, nashangilia na watu. Aliyesimama ubaoni na chaki ni wewe. Wewe uliandika sifuri, yaani nimemaliza hesabu na nimeshinda, nami nikaamini kilichoandikwa.

Mdogo wako,
Okko


Westerwarf, 24 Novemba 2023

Okko,

Tu wazima. Pole ya bega. Pole ya maharage sikupi.

Usijifanye umesahau, maana nitakukumbusha neno kwa neno. Mimi nilikuwa nimetolewa nusu fainali, na kwetu anayetolewa ndiye anayeshika chaki mechi inayofuata, apende asipende. Mlikuwa mmefungana raundi nne kwa nne. Tamme alibakiza arobaini, na dabo ya ishirini, ile pete nyembamba inayohesabiwa mara mbili, yule anaipiga hata ukimwamsha usingizini. Wewe ulibakiza thelathini na mbili. Kishale chako cha mwisho kikaingia dabo ya kumi na sita. Ukanyanyua mikono ukawageukia watu kabla hujakichomoa, na watu wakapiga kelele mpaka glasi zikatikisika. Nyuma yako kishale kikaanguka.

Kishale kilichoanguka kabla hakijachomolewa hakihesabiwi. Hilo lilijulikana na kila aliyekuwa mle ndani, mpaka mbwa wa Harms. Zamu ilikuwa ya Tamme. Mimi nikaandika sifuri chini ya jina lako na kulizungushia duara. Uliporudi ubaoni ukakikuta kando ya kiatu changu. Ukaniangalia. Ukainama, ukakiokota, ukakitia mfukoni. Sasa niambie kwamba uliamini kilichoandikwa.

Nilifanya vile kwa ajili yako. Baba tulikuwa tumemzika mwezi wa pili, nawe ulikuwa hulali wala huli, unarusha vishale tu kama kichaa. Nilitaka upate kitu kimoja cha kushika. Umekipata, umekula nacho miaka kumi na moja. Sasa toa kidogo.

Jambo moja tu. Tamme hajui kwamba niliona. Hilo liache nje. Sema kishale kilianguka, mwandishi hakukiona, wewe ukanyamaza. Basi. Hilo halitakuua.

Dada yako,
Gesche


Kassel, 6 Desemba 2023

Dada,

Bega limepona. Hasira bado.

Kwa ajili yangu? Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika hapo nacheka peke yangu mpaka jirani anagonga ukuta. Umeandika kwamba ulitolewa nusu fainali. Mbona hukuandika ni nani aliyekutoa?

Ni Tamme. Alikutoa nne kwa moja, wewe uliyekuwa unasema kwamba pale Westerwarf hakuna mwanamume wa kukugusa. Na alipokupa chaki aliinama kama mhudumu wa mkahawa, akasema kwa sauti baa nzima isikie, "Andika vizuri, mrembo." Watu wakaangua kicheko. Shingo yako ikawa nyekundu mpaka masikioni. Nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka kwako, dada. Hukuandika ile sifuri kwa kunipenda mimi. Uliiandika ili Tamme asichukue kombe. Baadaye akaja na maua kuomba radhi, mkaanza kutembea pamoja, mkaoana, na hadithi ukaigeuza ikawa ya dada mwenye huruma. Na mimi ukanigeuza mdaiwa wako wa maisha. Kila sikukuu: "Bila mimi ungekuwa wapi, Okko?" Unajua kwa nini siji tena Westerwarf? Ndiyo hiyo.

Mimi pia sijisafishi. Nilikiona kishale, nikakitia mfukoni, na kesho yake nikapiga picha na kombe. Ulikuwa woga na tamaa. Thelathini na mbili ndiyo hesabu wanayoiombea wachezaji wote, maana ukikosea inagawanyika vizuri mpaka moja. Mimi nikiiona inakuja naikimbia. Naacha thelathini na sita, naacha arobaini, naacha takataka yoyote. Watangazaji wanasema Nahodha ana ukaidi wake. Mara ngapi nimepoteza mechi kwa ukaidi huo, hujui wewe. Na ile hadithi ya choo nimeisimulia kwa sababu ukiichekesha mechi, hakuna anayeichunguza.

Sasa sikia. Unataka niseme? Nitasema. Lakini nikifungua mdomo nasema yote, kishale na mkono ulioshika chaki. Sitadanganya mara ya pili juu ya uongo wa kwanza ili wewe ubaki malaika nyumbani kwako. Tarehe 17, nishinde nishindwe, watanihoji moja kwa moja. Una siku kumi na moja. Mwambie mumeo wewe mwenyewe, kwa mdomo wako.

Mdogo wako,
Okko


Westerwarf, 11 Desemba 2023

Okko,

Salamu hakuna.

Ukithubutu kunitaja, huna dada. Nyumba ya baba usiikanyage, na mimi nikifa usije hata kushika koleo. Mambo ya ndani ya nyumba yangu utaniachia mimi, nitamwambia Tamme siku nitakayoona inafaa. Wewe kazi yako ni moja, kumsafisha. Usinifundishe ukweli leo, wewe uliyeutia mfukoni.

Gesche


Westerwarf, 2 Januari 2024

Okko,

Heri ya mwaka mpya, kwa kuwa hivyo ndivyo watu wanavyoandikiana. Kadi yako ya Krismasi ilifika. Nimeitia kwenye jiko, pamoja na bahasha.

Ulishinda seti tatu kwa mbili. Hongera, umebaki na kadi yako ya kulipwa. Tulikuona. Televisheni aliwasha Tamme mwenyewe, akasema, "Si shemeji yetu bwana, tumwangalie." Alikaa upande wake wa kochi, mimi upande wangu, chai na mkate wa zabibu mezani. Seti ya mwisho alikaa ukingoni. Ulipobakiza thelathini na mbili, ukaipiga palepale bila kuikimbia, alipiga goti lake akasema, "Kumbe anaweza!" Siku kumi na moja ulizonipa zilikuwa zimekwisha. Kila asubuhi nilisema jioni, na kila jioni nilisema amechoka, kesho.

Kisha wakakupa kipaza sauti. Hukucheka safari hii, hilo nakubali. Ulivua kofia. Ulisema kishale kilianguka, ulisema Tamme Folkerts ndiye bingwa wa pwani wa 2012, ukamwomba radhi kwa jina. Na ukasema, "Dada yangu ndiye aliyekuwa anaandika, na aliona."

Sikugeuka kumtazama. Nilitazama mkate. Nikasikia anapunguza sauti ya televisheni, halafu akasema, "Najua."

Nikamuuliza anajua nini.

"Ile baa ina sakafu ya mbao, Gesche. Nilikisikia kinaanguka. Okko alikuwa ameupa ubao mgongo, watu wanapiga kelele, lakini mimi nilikuwa namtazama anayeandika. Nikakuona umekitazama pale chini. Nikasema ngoja, sasa atawanyamazisha."

"Mbona hukusema?"

"Chaki ilikuwa yako. Na nilikuwa nimekufanyia mzaha wa kijinga mbele ya watu. Nikajua sababu ni hiyo."

Nikamwambia namna ulivyomtangaza kwa kile kilio cha chooni, na yeye kumbe alijua ameibiwa, na bado akavumilia karatasi za choo kwenye trekta.

"Kule chooni sikumlilia Okko," akasema. "Wala kombe. Nilikuwa nimepanga nikishinda nikuombe tutoke siku moja, mimi na wewe."

Nilianza kulia na yeye hakunizuia. Akasema alidhani nitamwambia yale maua yalipofika. Kisha akadhani nitamwambia kabla ya harusi. Kisha baada ya harusi, siku tumetulia, hata kwa utani. "Ningecheka," akasema, "wallahi ningecheka yakaisha. Mwezi wa kumi, Okko alipolizungumza kwenye televisheni, nikajua sasa lazima uniambie. Kila jioni nilikuwa narudi nikiwa tayari kucheka. Nawe unakaa mezani unamwandikia yeye."

Barua zako aliziona, Okko. Bahasha tu. Hajafungua hata moja, na angeweza.

Nilinyanyua birika nimwongezee chai. Alikuwa amesimamisha kijiko ndani ya kikombe, na kwetu kijiko kikombeni ni kusema imetosha, usinimiminie tena. Kikombe cha kwanza! Miaka tisa ya ndoa, hata alipokuwa na homa ya mapafu, hajawahi kunikatalia kabla ya cha tatu. Nikalirudisha birika.

Karatasi za choo zimekoma. Wenzake walikuja na chupa ya pombe ya nafaka kumwomba radhi, na mzee Harms amefuta jina lako kwenye ule ubao wa mabingwa ukutani akaandika la Tamme. Nilichokuomba kimetimia chote. Nimetafuta kosa lako la kukuchukia siku kumi na sita, sijalipata, na kwa hilo nakuchukia zaidi. Usijibu. Namba yako nami nimeifunga.

Tamme hajaondoka, kama unafikiri hivyo. Anakwenda kazini, anarudi, anapasua kuni, ananiuliza siku yangu ilikuwaje na anasikiliza jibu. Saa kumi anakaa mezani, namtilia chai. Anakunywa kikombe kimoja, anasema ahsante, anatia kijiko.

Mke wa Tamme,
Gesche