Madumu Yangu Juu ya Kichwa cha Bi Raya

Jumatano. Jua limetoka baada ya mvua ya usiku, na mimi leo nnajiona kama bibi harusi. Mnaosoma nivumilieni.

Roshani yangu ni nyembamba, mtu na kiti chake basi. Lakini nna mchicha kwenye madumu ya mafuta niliyoyakata, pilipili kwenye ndoo za rangi, na kotimiri kwenye beseni lililopasuka. Udongo nimeuleta kwa magunia kutoka kwetu Bububu. Wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini, eti mtu mzima anabeba mchanga kuupandisha ghorofani! Na acheke. Tangu niolewe mjini, nilichokikosa ni kushika udongo. Bila ya mboga zangu nnakuwa mkali, hata mume wangu anajua.

Shida ilikuwa Bi Raya.

Anakaa nyumba ya chini, na kila alasiri anakaanga kachori za kuuza barazani, chini ya roshani yangu hasa. Mwezi uliopita nilimwagilia, matope yakachuruzika mpaka kwenye bakuli lake la chatne. Alinisema mtaa mzima ukasikia, na haki alikuwa nayo. Akaapa likidondoka tone jengine, anakwenda kwa sheha wa mtaa, na madumu yote yatashuka. Toka siku hiyo shikamoo yangu anaipokea kwa nusu mdomo.

Nililia, nasema kweli. Halafu nikapata hasira, na hasira zangu zina faida. Madumu nilikuwa nimeyatoboa chini, kama wafanyavyo wote. Nikapanda kila kitu upya kwenye madumu mengine: matundu ubavuni, juu kidogo ya kitako, kokoto ndani, na kila dumu nikalikalisha kwenye sinia kuukuu la kukinga maji.

Leo alasiri nnamwagilia, nikasikia kutoka chini: "We Mwajuma!"

Roho ikaniruka. "Naam, bibi!" Nikachungulia kutafuta tone. Hakuna. Barazani pakavu kabisa.

"Teremsha kikapu."

Ni kikapu changu cha kamba, ninachonunulia mboga kwa muuzaji anayepita na baiskeli. Nikateremsha. Akatia bakuli tupu. Kotimiri imemwishia, chatne haijasagwa, na wateja wamesimama. Hakusema tafadhali, yule hasemi.

Nikamkatia kotimiri yote. Yote! Na pilipili juu yake. Siku zote kikapu hiki hupanda na mboga, leo kimeshuka nazo. Nikabaki juu nacheka peke yangu kama mwehu.

Kikarudi na kachori za moto na chatne. Nimekula kotimiri yangu mwenyewe kwa mkono wa Bi Raya. Tamu, jamani, tamu!

Baada ya magharibi nimeteremka kutupa taka, nikakuta kwenye ngazi dumu tupu la mafuta, limeoshwa likang'aa. La kwake, la mafuta ya kachori. Kumbe siku zote hizi alikuwa ananitazama, maana kashalitoboa mwenyewe.

Ubavuni.