Shimo la Gesi Nyuma ya Zizi

Jumatatu, 5 Juni 1995
Ndoo na koleo tena. Nimezoa mavi ya ng'ombe, nimeyachanganya na maji, nimekoroga kwa mikono mpaka mabonge yakaisha, nimemimina. Miaka yote ile ofisini Dodoma mikono yangu ilinuka wino. Sasa hainuki wino.

Shimo limekaribia kujaa. Fundi Athumani, Msandawe wa Chemba, mpole, alilijenga kwa matofali kama chungu kikubwa kilichofukiwa ardhini. Alisema nisiwe na haraka. Gesi inajitengeneza yenyewe mle gizani, kama togwa inavyochachuka.

Kiinua mgongo changu kimeishia humo. Lazaro, niliyepunguzwa naye kazini, alinunua mashine ya kusaga, ya dizeli. Mimi nimenunua mavi. Ndivyo anavyosema kilabuni, na watu wanacheka.

Mama amepita na panga na kamba, kwenda mlimani kutafuta kuni. Namsikia akikohoa hadi nyuma ya zizi la jirani.

Alhamisi, 8 Juni
Niandike sababu, nisije nikaisahau siku ya kukata tamaa.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Mama akipika ndani ya moshi, macho mekundu. Daktari wa hospitali ya Mvumi alishamwambia moshi ndio unaomaliza kifua chake. Nikamnunulia jiko la mafuta ya taa. Mafuta yakapanda bei, tena na tena. Mara nyingine yananuka petroli, na Mama akaogopa nyumba itaungua. Jiko liko chini ya kitanda chake, limefunikwa kanga. Mafuta hayo yanavuka bahari kutufikia. Mavi yako mlangoni. Ng'ombe wetu wawili wanalishwa bandani siku zote, kwa kuwa kuchunga milimani kumekatazwa.

Mama alinipinga mara moja tu. Moshi ndio unaokausha mbegu za mtama juu ya mafiga, alisema, na ndio unaofukuza mchwa kwenye miti ya paa. Nyumba ya tembe bila moshi huliwa na mchwa.

Jumamosi, 17 Juni
Nimefungua bomba, nimewasha kiberiti. Kikazimika. Harufu ya mayai viza tu. Athumani alinionya kwamba gesi ya mwanzo haiwaki.

Kwenye foleni ya maji wanawake wamenung'unika. "Sisi tunakunywa kwa zamu," wamesema wakinitazama, "Yona ananywesha mavi." Wana haki. Nimeona aibu. Kuanzia kesho nitatumia mkojo wa ng'ombe, na maji ya kuoshea mboga.

Jumapili, 25 Juni
Bado. Wiki nzima bado.

Mke wangu Joyce amekuja na basi kutoka mjini. Nilitegemea lawama. Amevua viatu, amefunga kanga juu ya gauni la kanisani, amekoroga nami mpaka mchana. Anasema huko umeme ni wa mgao, siku upo siku haupo, na mkaa umekuwa mali. Aliondoka bila kuuliza itakuwaje kama shimo halitoi kitu. Namshukuru kwa alilosema, na zaidi kwa alilolimeza.

Jumanne, 4 Julai
Haya ni ya jana. Jana sikuweza kushika kalamu.

Mama aliondoka asubuhi kwenda kwenye kuni. Mchana hakurudi. Nilipanda mlima nikiita, nikasikia kikohozi korongoni. Alikuwa ameteleza, mguu umekunjika chini yake vibaya. Mzigo wa kuni bado mgongoni.

Nilimbeba. Ni mwepesi kuliko nilivyojua. Hilo liliniumiza kuliko yote.

Landrova ya mchungaji wa kanisa letu ilikuwepo, haina mafuta. Barabarani hakukuwa na lori. Lazaro alisikia. Alikuwa anawasagia watu, foleni ndefu. Akazima mashine, akainyonya dizeli yote kwenye tangi kwa mpira, kwa mdomo wake, akaja anakimbia na galoni huku akitema mate. Watu waliobaki na mahindi hawakulalamika. Tulifika Mvumi jua likiwa bado lipo.

Nilikuwa nimeisema vibaya sana dizeli. Na Lazaro pia. Mungu ambariki.

Alhamisi, 6 Julai
Mguu umevunjika chini ya goti. Amefungwa hogo la plasta. Atakaa huko, watibu na kifua.

Nilipokaa kando ya kitanda aliniita kwa kidole.

"Kuni nimeziacha korongoni," alisema. "Nenda kazichukue kabla wengine hawajazichukua."

Nimekwenda. Nimezibeba mgongoni kama yeye, kwa kamba yake. Njiani nilipumzika mara nyingi. Nikalia. Nimekula ugali wa kuni hizo tangu utoto, na sikuwahi kubeba hata mzigo mmoja.

Jumatano, 12 Julai
Nilimtumia Athumani salamu kwa watu wa gulio. Leo amefika, amechoka, vumbi hadi kwenye kope. Amepaka maji ya sabuni shingoni mwa shimo. Vipovu vikatoka. Gesi ilikuwepo siku zote. Ilikuwa inatoroka kwenye ufa mwembamba kama unywele.

Ameziba kwa saruji. Nikataka kumlipa, akakataa. "Hii kazi sijaimaliza," alisema. "Mtu halipwi mara mbili kwa kazi moja." Alikula, akaswali, akalala.

Alhamisi, 20 Julai
Imewaka.

Buluu. Bila moshi. Niliizima nikaiwasha tena ili niamini. Kisha nikachemsha maji ambayo sikuyahitaji.

Sikumwita mtu, lakini Lazaro alikuja. Aliinama akautazama moto, kofia mkononi kama yuko msibani. Akauliza kama gesi hii inaweza kuendesha mashine yake, maana dizeli imepanda na siku nyingine mashine inalala. Nikamwambia sijui, ila tutamuuliza fundi. Tumekunywa chai pamoja. Neno la kilabuni halikutajwa.

Jumamosi, 29 Julai
Mama yuko nyumbani. Joyce amekuja kumsaidia.

Ugomvi wa kwanza. Asubuhi Mama aliwasha jiko, akaliacha linawaka chini ya sufuria tupu, kwa sababu moto wa nyumba hauzimwi. Jioni maharage hayajaiva, gesi kwisha. Nilimkaripia. Nilimkaripia mama yangu mwenye mguu uliovunjika. Najichukia.

Alinijibu taratibu, bila hasira. "Moto niliokuzalia kando yake haukuwa wa kuzimwa. Huu wako ni mgeni. Nifundishwe kukaa naye."

Nikaomba radhi. Joyce ndiye aliyefundisha. Maharage yalowekwe tangu jioni. Mboga zikatwe kwanza, ndipo jiko liwashwe. Sufuria ifunikwe. Chakula kikichemka, moto upunguzwe. Ugali ukiwa tayari, funga. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mambo hayo alikuwa akiyafanya mwaka wa njaa, kwa kuni chache, na kwamba sisi ndio tuliochelewa. Joyce alicheka hadi akakaa chini.

Jumapili, 6 Agosti
Mama alikuwa na haki. Vijia vya mchwa ukutani, vinaelekea kwenye boriti. Nimevikwangua.

Tumekubaliana. Mafiga yanabaki. Kila Jumamosi nitawasha vigunzi vya mahindi humo, moshi ufike darini na kwenye mbegu, Mama akiwa nje juani na mlango umefungwa. Nilidhani gesi ingemaliza kila kitu. Haijamaliza, imepunguza. Inatosha kushukuru.

Tope linalotoka shimoni nimeliweka kwenye mizabibu. Wanawake wawili wa foleni ya maji wameomba ndoo moja moja kwa bustani zao. Nimewapa.

Jumapili, 13 Agosti
Upepo mkali, baridi. Nimeamka nikamkuta Mama ameshachemsha chai, ameegemea fimbo yake. Akaniita.

Tumekaa. Sijui lini mara ya mwisho nilikaa na mama yangu asubuhi. Saa kama hii siku zote alikuwa njiani kwenda mlimani, au anapuliza moto, au anafuta machozi ya moshi. Leo hakuwa na pa kwenda. Alinimiminia, akajimiminia, akaanza kunisimulia juu ya baba, jinsi alivyokuja kumposa akiwa amevaa viatu vya kuazima vilivyombana, akashindwa kucheza ngoma. Sikuwahi kulisikia hilo. Nina umri wa miaka arobaini na mbili.

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kunisimulia.

"Lini?" alisema.

Akajaza kikombe changu tena. Tumekaa mpaka kengele ya kanisani.