Kanze, Sikiliza Hawa Kabla ya Kutia Sahihi

Kanze, asubuhi uliangalia kando. Baba yako mdogo Mangi alileta karatasi inayosema kwamba ninyi mabinti hamtaki shamba la baba yenu la Marafa, nawe ukakoroga chai.

Muhogo uko sufuriani, kula.

Nimekutumia podikasti mbili kwa simu. Anza na wakili Damaris, anaeleza urithi wa mabinti kwa Kiswahili chepesi. ~~Wa pili, Nyaboke, ana kelele, muache.~~ Hapana, msikilize: huwahoji wanawake waliosaini wakanyamaza, kama mimi. Mwaka wa tisini na nane Mangi huyu aliniambia, "Dada, utaolewa, shamba la nini?" Nikatia kidole gumba. Leo tunabanana chumba cha kupanga hapa Muyeye!

Mangi anarudi saa nane kuchukua sahihi yako. Nimetangulia Marafa kwa chifu. Sikiliza njiani. Niletee huko karatasi hiyo bila sahihi, ondoka sasa hivi.

Shangazi