Siti ya Mfuko wa Mbolea

Shikamoo Baba,

Matope ya mlima wa Ibaba yametuangusha sote leo, kila mtu na pikipiki yake. Wenzangu wa safari wakanicheka, "Dada, umebatizwa!" Mimi nilitaka kulia, maana ulinikataza kuileta pikipiki yako kwenye mlima huu uliokuvunja mguu.

Mama mmoja aliyekuwa akivuna viazi akaja kunisaidia kuinyanyua. Akaiona siti uliyoishona kwa mfuko wa mbolea. "Hii si ya Bwana Shamba wetu? Bado yupo?" Nikamwambia mimi ni mwanao. Akanishika mashavu kwa mikono yake ya udongo. "Mwambie mbegu yake ndiyo hii tunayovuna."

Nimekula viazi vyako, Baba. Usiseme tena kwamba huku walishakusahau. Mguu ukikubali, utakaa nyuma yangu, nitakuleta polepole.

Mwanao,
Neema