Mara Nne Nilimwambia Hayuko

Goma, Alhamisi. Mvua inanyesha tangu asubuhi, ile ya kupiga mabati mpaka watu hawasikiani. Moyo wangu mzito.

Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Hii ni wiki ya tatu nasafisha orodha ya watoto waliopotezana na wazazi wao vitani. Ni orodha ya zamani, imo ndani ya kompyuta ya ofisi yetu ndogo ya kutafuta jamaa, na kila aliyewahi kukaa pale aliandika kwa sikio lake. Mji wa Sake umeandikwa Saké, Sakee, "njia ya Sake", "upande wa Masisi". Umri: 6, sita, six ans, "meno ya mbele yametoka". Kazi yangu ni kufanya kitu kimoja kiandikwe namna moja. Niliona ni kazi ya kuchosha tu.

Leo asubuhi nikafika kwenye mstari wa mtoto aitwaye Kavuwo. Kwenye sehemu ya maelezo, mtu aliyefanya kazi hii kabla yangu alikuwa ameandika: "Mama alikufa. Baba anashona viatu Sake. Kidole kimoja cha baba ni kifupi, kilikatwa na kisu cha kazi. Amepewa familia ya kumlea kambini Mugunga, karibu na bomba la maji."

Nikasimama. Nikakaa tena.

Kidole hicho nakijua. Ni cha Papa Paluku, fundi viatu, mtu wa Butembo aliyehamia Sake, na sasa anashona kando ya barabara huku Keshero. Tangu mwaka jana amekuja ofisini mara nne kumuulizia binti yake, Kavugho. Mara nne niliandika Kavugho, kompyuta haikutoa kitu, nikamwambia, "Hayuko, papa." Mara ya mwisho hata macho sikuinua.

Alikuwemo. Siku zote alikuwemo.

Na mara zile tatu za kwanza kambi ya Mugunga ilikuwa bado imesimama. Ilivunjwa vita vilipoingia mjini.

Nilienda Keshero kwa miguu, mvua ikininyeshea. Nikamkuta chini ya turubai lake, kiatu magotini. Nikamweleza yote, na kosa langu pia. Nilingoja matusi.

"Alifika?" akauliza. "Hakufia ku njia?"

"Alifika, papa. Alikuwa ku orodha. Ni mimi sikumuona."

"Unisomee tena pale pa kidole."

Maneno yale nilikuwa nimeyanakili kwenye karatasi. Nikasoma. Akacheka kidogo. "Nilimuonyeshaka hii kidole juu asiguse kisu yangu," akasema, kisha uso ukamkunjamana, akaufunika kwa mikono yote miwili. Mteja aliyekuwa akingoja viatu vyake akaondoka.

Tukapanda pikipiki moja mpaka Mugunga. Hakuna hema hata moja. Mawe meusi ya volkano, vipande vya mbao, na bomba lisilotoa maji. Tulimpata mama mmoja anayeuza makaa hapo karibu, tukamuuliza watu wa pale bombani walikwenda wapi.

"Batu ba ku bomba?" akasema. "Wengi walipanda malori ya kuenda Rumangabo. Wengine sijui, papa. Sitaki kukudanganya."

Papa Paluku anasema ataondoka kesho alfajiri kwenda Rumangabo. Nikamkumbusha habari za askari njiani. Aliuliza tu, "Kule wakifungua orodha yao, niombe watafute jina gani?"

Nikamwandikia yote niliyoweza kufikiri: Kavugho, Kavugo, Kavuwo, Kabuho. Akaikunja karatasi taratibu, akaitia ndani ya kofia, akanishukuru.

Alinishukuru! Afadhali angenitukana.

Nimerudi nyumbani nimelowa. Ninalo daftari lenye majina ya wazazi wote niliowarudisha kwa neno lile moja. Kesho nitawapigia, mmoja mmoja, na sitamwambia mtu tena kwamba mtoto wake hayuko kabla sijasoma maelezo yote, mstari kwa mstari, kwa macho yangu mwenyewe.

Lakini ni wangapi bado wana simu zilezile? Na nani kati yao aliacha kutafuta kwa sababu aliniamini?